Ploti Isiyopaliliwa: Kwa Mwanafunzi Anayepanda Bijombo Kufanya Staji

Wiki ya sita ya staji yangu, niliamka asubuhi nikakuta ploti yangu shahidi imepaliliwa ikatakata. Ploti shahidi ni ile ambayo mtafiti huiacha magugu yaote yatakavyo, ili mwishoni alinganishe mavuno yake na ya zile zilizopaliliwa. Ikikosekana hiyo, hakuna jaribio tena, kuna bustani tu. Nikauliza ni nani. Mama mmoja jirani, mtu mzima wa kuitwa bibi, akanijibu kwa uso mkunjufu kwamba ni yeye. Alikuwa amenihurumia. Kijana wa watu katoka mjini, kashindwa kulima kipande chake, na kila apitaye njiani anamcheka. Alikuwa ameifanya kazi hiyo alfajiri, kabla ya kwenda kwenye shamba lake mwenyewe.

Nilishukuru. Ningesema nini? Kisha nikaketi juu ya jiwe nikaandika daftarini: rudio la pili, shahidi, imepaliliwa na jirani, siku ya 39.

Wanafunzi wa kilimo wanaonijia kabla ya staji huuliza wapime nini na watumie programu gani ya takwimu. Hayo wataelezwa na msimamizi wao, na vitabu vimejaa. Sijaona staji ikianguka kwa sababu ya takwimu. Nimeziona zikianguka kwa sababu mwanafunzi alisahau kwamba shamba lina mwenyewe, kwamba gugu lina anayeling'oa kwa mgongo wake, na kwamba mvua haifuati kalenda ya chuo.

Nianze na hilo la mwisho. Likizo ndefu ya vyuo vyetu huangukia kiangazi. Unamaliza mitihani, unatafuta barua, unapanda Bijombo, kwenye Nyanda za Juu za Uvira, mashariki mwa Kongo, mwezi wa saba ukiwa na mpango ulioandikwa vizuri wa kupima magugu katika maharagwe, unafika unakuta mabua makavu na ng'ombe wanachunga juu yake. Msimu A huanza na mvua za Septemba, msimu B huanza kama Februari na kuishia Juni. Katikati hapo, kwenye miinuko, hakuna cha kupalilia. Kuna msimu C, lakini huo ni wa mabondeni, kwenye ardhi inayobaki na unyevu, na si kila familia ina kipande huko.

Mwenye likizo ya kiangazi ana njia tatu. Ya kwanza ni kubaki chini, katika Uwanda wa Ruzizi, ambako mpunga wa Luberizi, Sange na Kiringye hupata maji ya mifereji. Somo la magugu ya mpunga ni pana na mwanafunzi haoni njaa ya data: kuna majani ya jamii ya Echinochloa ambayo yakiwa machanga yanafanana na mpunga hata mkulima mzoefu hupapasa shina kabla ya kung'oa, na kuna suala la maji yenyewe, maana jaruba lililosawazishwa vizuri na kushika maji hunyima magugu mengi nafasi ya kuota, na jaruba lenye kichuguu katikati huwa na kisiwa cha nyasi. Njia ya pili ni kupanda juu na kufuata viazi na mboga za mabondeni. Ya tatu ndiyo ninayoipenda, na ndiyo isiyotajwa sana: kuchunguza akiba ya mbegu za magugu iliyomo ndani ya udongo.

Kazi hiyo haihitaji mvua wala maabara. Unachukua udongo wa kina cha sentimita 10 kutoka sehemu kumi za shamba moja, unauchanganya, unautandaza kwenye beseni lenye matundu chini, unamwagilia kila siku. Kila kinachoota unakitambua, unakihesabu, unaking'oa. Baada ya wiki tatu unauvuruga udongo na kuanza tena. Kufikia Septemba, kabla mwenye shamba hajashika jembe, wewe unaweza kumwambia ni magugu gani yanamngoja. Mabeseni yabaki kule kule juu, usiyashushe Uvira. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari na Bijombo imepita 2,000, na mbegu iliyozoea baridi ya mlimani haitaota vilevile kwenye joto la ufukweni.

Ukidhani hiyo ni kazi ya kitoto, kumbuka kwamba mwaka 1879 profesa mmoja wa Michigan, Marekani, William Beal, alifukia ardhini chupa 20 zenye mbegu za magugu zilizochanganywa na mchanga, akaacha agizo zichimbuliwe moja moja baada ya miaka. Ile ya mwaka 2021 ilifunguliwa miaka 142 baada ya kufukiwa, na mbegu kadhaa zikaota. Mkulima wa kwetu hana haja ya chupa kulijua hilo. Anajua kwamba mwaka mmoja wa kuliacha shamba ni miaka mingi ya kulipa.

Na mashamba yaliyoachwa, Bijombo, si machache. Vita na kuhamahama vya miaka hii vimeondoa familia kwenye vilima vyao, nyingine zimerudi, nyingine bado. Mtu anaporudi baada ya misimu minne au sita hakuti shamba, anakuta pori dogo. Nani ameingia kwanza humo? Nyasi zenye mizizi itambaayo, au mimea ya mwaka mmoja? Inachukua siku ngapi za jembe kulirudisha? Nakuambia kama mtu aliyesoma ripoti nyingi za staji: swali hilo lina thamani kuliko jaribio la kumi na tano la nafasi kati ya mistari ya mahindi. Kule Rothamsted, Uingereza, mwaka 1882 waliacha kipande cha ngano bila kuvuna wala kulima, wakatazama tu. Baada ya miaka minne ngano ilikuwa karibu imetoweka, miche michache iliyodumaa ndiyo iliyobaki. Leo pale ni msitu. Wao waliacha kwa makusudi. Sisi tumeachishwa, lakini udongo unafanya kazi ile ile, na hakuna anayeandika.

Kabla ya hayo yote kuna karatasi na kuna usalama, na hapa sitafupisha.

Tangu Bukavu ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwezi Februari 2025, safari kati ya Uvira na vituo vya utafiti vya upande wa Bukavu, yaani INERA Mulungu na kituo cha IITA cha Kalambo, haipangwi tena kama zamani. Vita havikuishia hapo, na Nyanda za Juu zilikuwa na vita vyake hata kabla. Basi usipande kwa sababu barua imesema upande. Uliza wanaoshuka na viazi sokoni, uliza zaidi ya mmoja, na kama jibu ni la kusitasita, fanya staji yako uwandani. Hakuna profesa wa haki atakayekupunguzia alama kwa kubaki hai.

Ukipata njia, pita mlango kwa mlango: ofisi ya chefferie, kwa mkuu wa grupema, kwa mkuu wa kijiji, na ofisi za usalama. Barua ya chuo iwe na nakala tano zenye muhuri, pamoja na kadi yako ya uchaguzi. Wengine huona ni usumbufu. Mimi naona ndiyo bima pekee uliyo nayo siku kijana mwenye silaha atakapokuuliza kwa nini unatembea mashambani na kamba na vijiti ukiandika namba. Simu yako ni hatari kuliko vijiti. Kupima mahali kwa satelaiti na kupiga picha vilima, kwa mtu wa mjini, ni utafiti. Kwa mtu ambaye kijiji chake kimeshawahi kuchomwa, ni kitu kingine kabisa. Omba ruhusa mbele ya watu, onyesha picha ulizopiga, na piga picha za majani, si za njia wala nyumba.

Jambo la mwisho katika hili. Bijombo wanaishi Banyamulenge, Banyindu, Bafuliiru, Bavira na Babembe, na hata swali la nani ana haki ya kilima gani limemwaga damu. Karatasi yako ya maswali isiwe na sehemu ya kabila. Isiwe na majina. Mpe kila mkulima namba, na orodha inayounganisha namba na mtu ikae kichwani mwako au isiwepo kabisa. Gugu halina kabila, na utafiti wako hautapungukiwa kitu. Tena chagua mashamba ya pande zote, la sivyo utaambiwa, kwa haki, kwamba ulikuja kwa ajili ya watu fulani.

Sasa gugu lenyewe. Chuoni tunafundishwa kwamba gugu ni mmea ulioota mahali usipotakiwa. Usipotakiwa na nani? Keti na mama anapopalilia maharagwe, utaona mkono wake unaruka baadhi ya mimea. Lenga-lenga hang'oi. Karatasi yako ina Amaranthus kwenye orodha ya magugu, ila kwa mama hiyo ni mboga ya jioni, na ataichuma ikiwa changa. Kishona nguo naye, yule anayeng'ang'ania suruali yako kwa mbegu zake nyeusi, wapo wanaomchemsha kama dawa. Kisha iko ile nyasi nene itambaayo ya nyanda za baridi, ambayo vitabu huiita nyasi ya Kikuyu. Mfugaji akiiona kilimani anafurahi, maana maziwa yanatoka humo. Mkulima wa viazi akiiona kwenye matuta yake anaona wiki mbili za kuinama. Ukiandika katika ripoti yako kwamba nyasi hiyo iangamizwe, umeshachukua upande katika ugomvi wa kale wa ng'ombe na jembe bila kujua. Andika inaota wapi, kwa wingi gani, na inamgharimu nani. Basi.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usipime chochote. Tembea na wanaopalilia, ukusanye majina. Kila mmea uandike jina kwa Kifuliiru, kwa Kinyindu, kwa Kinyamulenge, kwa Kivira, kwa kadiri utakavyoambiwa, na uandike aliyekuambia ni mwanamke au mwanamume, mzee au kijana. Mara nyingi wanaume watakutajia majina matano na wanawake ishirini, na sababu unaijua. Kausha sampuli kati ya magazeti, uweke mbao juu na jiwe juu ya mbao, ubadilishe magazeti kila siku mpaka jani likauke bila kuoza. Sampuli iwe na ua, na mizizi kama inawezekana. Jani peke yake litamfanya mtaalamu wa mimea akuandikie jina la jamii tu na kukurudishia.

Juu ya upimaji nitapita haraka. Tengeneza fremu ya mbao au ya waya ya sentimita 50 kwa 50. Hiyo ni robo ya mita ya mraba, kwa hiyo hesabu yako utaizidisha kwa nne. Usiitupe hewani kama wanavyofanya wavivu, maana mkono hulenga penye majani. Hesabu hatua, na hatua zenyewe zichaguliwe kwa karatasi zilizokunjwa ndani ya kofia. Kofia hiyo hiyo ndiyo itakayopanga ploti zako. Fanya marudio manne, matatu ukikosa ardhi. Usipime mistari ya pembeni. Mvua pima kwa kopo lenye kuta zilizonyooka: milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Magugu uliyong'oa, kama huna tanuri, yaanike juu ya bati na uyapime kila jioni, mpaka uzito ukome kushuka. Na andika kwa penseli. Wino wa bei nafuu na mvua ya mlimani havipatani.

Ploti ikiharibika, imeharibika. Ng'ombe wakiingia, andika wameingia. Nilipomwambia msimamizi wangu habari ya yule bibi na upaliliaji wake wa huruma, nilitegemea kukaripiwa. Akaniambia niiondoe ploti ile katika hesabu na niiache katika maelezo. Baadaye nilikuja kuona kwamba aya ile fupi ilisema jambo ambalo jedwali zima halikusema, kwamba shamba lenye magugu kando ya njia ni aibu ya nyumba, na watu hupalilia kwa ajili ya macho ya wapitao kama wanavyopalilia kwa ajili ya mavuno. Ukitaka kupendekeza kwamba palizi ya tatu haina faida, uanzie hapo.

Ploti shahidi basi iwe ndogo, iwe mbali na njia, na mwenye shamba aelezwe tangu siku ya kwanza mbele ya majirani. Mavuno atakayopoteza umlipe kwa kilo za maharagwe, mkiwa mmekubaliana kiasi kabla ya kupanda. Na kabla magugu hayajaiva, yakate na uyatoe nje. Kumwachia mtu mbegu za magugu ardhini kwa ajili ya shahada yako ni deni ambalo hutakuwepo kulilipa.

Kipimo kinachosahauliwa kuliko vyote ni saa. Chukua saa ya mkononi, kaa pembeni ya shamba ulilopima ukubwa wake, andika mama ameanza saa ngapi, amesimama saa ngapi kunyonyesha, amerudi saa ngapi. Fanya hivyo kwenye palizi ya kwanza na ya pili, kwenye mashamba kumi. Maharagwe huumizwa zaidi na magugu ya wiki tano za mwanzo, na ni wiki hizo hizo ambazo mahindi nayo yanadai jembe na mama huyo huyo ndiye anayeteka maji na kwenda kulima kwa watu apate pesa ya chumvi. Anayechelewa kupalilia si mvivu. Yuko kwenye shamba la mwingine. Usipolipima hilo utaandika kwamba wakulima wanahitaji mafunzo, sentensi iliyomo katika nusu ya ripoti nilizosoma, ambayo haijamsaidia mtu.

Hapo ndipo dawa ya magugu itakapoingia mazungumzoni, kwa sababu inauza kitu ambacho mama huyu hana, yaani muda. Usiikatae kwa kelele wala usiipigie debe. Ila chupa isiyo na lebo usiiguse, iliyopunguzwa nusu sokoni usiiguse, na usipulize karibu na kijito ambacho watu wa chini wanakinywa. Mwanafunzi asiye na glavu, buti na kifuniko cha pua hana ruhusa ya kupuliza, hata msimamizi akimwambia. Katika viazi, mara nyingi kupandisha udongo kwenye matuta kwa wakati wake hufukia magugu machanga yote, na hugharimu jembe tu.

Na viazi vina sharti lao. Mnyauko wa bakteria husafiri ndani ya udongo ulioganda kwenye kiatu na kwenye jembe. Wewe ndiye unayetembelea mashamba kumi kwa wiki, kwa hiyo wewe ndiye hatari. Beba brashi na maji yenye jiki, safisha buti ukitoka kila shamba. Utachekwa siku ya kwanza. Siku ya tatu watoto watakuletea maji.

Pesa: usitegemee kulipwa, staji nyingi hazilipi. Lakini vibarua wako walipe, na walipe bei ya kijijini, usiipandishe kwa kutaka sifa maana utawaharibia wengine. Ukikaribishwa nyumbani, peleka chumvi, sabuni au sukari kutoka Uvira, kwa kuwa vitu hivyo hupanda mlima mgongoni mwa watu na bei hupanda navyo. Chukua sweta mbili. Wanafunzi wa ufukweni hawaniamini kuhusu sweta mpaka usiku wa kwanza. Siku ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, weka daftari chini ushike jembe kama wengine.

Ripoti utaiandika kwa Kifaransa, maana chuo ndivyo kinavyotaka. Lakini ukurasa mmoja uandike kwa Kiswahili, wenye majina ya magugu kwa lugha zao, saa za palizi ulizozihesabu na mavuno ya kila ploti, na uurudishe kule ulikoyatoa, ukisomwa kwa sauti baada ya ibada au siku ya soko. Yule bibi wangu alipousikia wangu, aliuliza swali moja tu: kama kweli nilikuwa naiacha makusudi ile ploti, kwa nini sikumwambia mapema akalala?

Barua ya maombi iandike mwezi wa tano. Mihuri huchukua wiki tatu hadi sita, na mtu anayetaka kuona maharagwe yakiota na magugu yake anatakiwa awe juu kabla ya mvua za kwanza za Septemba.